Kisanduku cha ME na KE

Ofisi ya Mashindano ya Roboti kwa Shule
Chumba Namba 6
3 Februari

Kwa Mlezi wa timu ya wasichana, Fomu Namba 41

Mama Sindano,

Pokea salamu, na shikamoo juu yake, kwa kuwa mhuri wako umefifia kiasi cha kunifanya niamini kwamba wewe ni mtu mzima.

Nakujulisha kwamba fomu ya timu yako imepokelewa, imekaguliwa na imegongwa mhuri wa ofisi. Wasichana sita, roboti moja, mlezi mmoja. Kila kitu kimekamilika.

Nimeagizwa niwakumbushe walezi wote sharti jipya, lililo ukurasa wa pili wa mwongozo: kila timu ya wasichana pekee iwe na mlezi mwanamke, angalau mmoja. Sharti hili halikutoka hewani. Mwaka jana wasichana wa timu tatu walilalamika kwamba walezi wao wanaume walishika bisibisi tangu mwanzo hadi mwisho, wao wakashika tochi na ufagio. Mmoja aliandika kwamba alivishwa medali kwa roboti ambayo hakuwahi kuigusa. Kwako wewe, Mama, jambo hili halina uzito. Nalitaja kwa sababu barua ni ya wote.

Ukinijibu, tafadhali tumia barua, si simu. Mkuu wa Ofisi anataka kila neno liwe kwenye faili, tangu mtu mmoja alipokana kwenye simu kitu alichokisema kwenye simu. Najua barua huchukua siku nne au tano kufika huko kwenu, nawe utanisamehe. Na kama kuna jambo lolote kwenye fomu ungependa kulithibitisha, lolote lile, hata dogo, niandikie mapema.

Wako katika kazi,
Karani wa Usajili


Karakana ya cherehani
8 Februari

Ndugu Karani,

Marahaba, tena marahaba sana. Ofisi nyingine hazisalimii.

Umesema fomu imekamilika. Sentensi hiyo nimeisoma mara nne. Nilidhani tuliacha mahali. Lakini ninyi ndio wenye macho ya ofisi. Kama imekamilika, imekamilika, mimi ni nani.

Ngoja nikueleze watoto wangu, ili ujue umemgongea nani mhuri. Shule yao haikuwa na mwalimu mwenye nafasi, wakaja hapa kwenye cherehani kuomba mota iliyokufa. Nikawapa moja. Wakarudi na swali, kisha na swali lingine, hadi nikawatolea meza ya dirishani. Roboti yao inaitwa Kiherehere. Ina mota mbili za cherehani na magurudumu ya vifuniko vya mitungi ya rangi, na kazi yake ni kuokota vikombe sita na kuvipanga mezani. Kwa sasa inaokota vinne na kuvunja kimoja.

Hiyo habari ya bisibisi uliyoandika imenichoma, sikufichi. Mimi nina mkono mwepesi. Nikiona mtu anakaza skurubu vibaya, kabla sijafikiri nimeshamnyang'anya. Kwa hiyo nahodha wao alitunga sheria: Kiherehere ikipanda mezani, mimi nafungwa mikono nyuma kwa utepe wangu mwenyewe wa kupimia. Wateja wamenizoea. Jana mmoja alinikuta nimefungwa, akaniuliza nina deni la nani.

Nina swali dogo. Sharti hili la mlezi mwanamke ni la kweli kweli, au ni yale ya kwenye karatasi? Nauliza tu kwa kutaka kujua. Kuna jirani yangu ana timu.

(Mhuri) MAMA SINDANO – USHONAJI NA UKARABATI WA CHEREHANI


Chumba Namba 6
13 Februari

Mama Sindano,

Shikamoo. Sharti ni la kweli. Mwambie jirani yako asicheze nalo.

Tarehe 3 Machi Mkaguzi wa Mashindano atafika kwenu, na kwa timu zote za ukanda huo, kumwona kila mlezi kwa macho yake na kumlinganisha na fomu. Ni mwanamke mpole wa sauti, lakini haachi kitu. Timu ambayo mlezi wake amedanganya kwenye fomu inaondolewa siku hiyo hiyo. Kama kosa ni la ofisi, timu hupewa muda wa kurekebisha, na aliyekosea ofisini huulizwa.

Hapo kwenye "huulizwa" ndipo ninapoishi mimi. Niko kwenye kipindi cha majaribio mpaka mwisho wa Machi. Jana Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu, akachukua faili la fomu, akalifungua, akalifunga, akaondoka. Tangu hapo nasikia viatu vyake hata akiwa hajavaa. Mama mdogo ninayeishi kwake anasema nakula kama mtu anayesubiri hukumu.

Habari za utepe zimenifurahisha. Mimi shuleni nilishikishwa tochi miaka miwili, kwa hiyo naelewa.

Karani wa Usajili


Karakana ya cherehani
19 Februari

Ndugu Karani, mwanangu,

Sina jirani mwenye timu.

Mimi ni mwanamume. Nina miaka hamsini na minne, nina ndevu, na kipara kinachokuja kwa mwendo wa kobe. Mama Sindano alikuwa mama yangu mzazi. Karakana ni yake, cherehani zilikuwa zake, na mhuri ni wake. Alipofariki nilitaka kuchonga mhuri mwingine, lakini wateja hawakubadilika. Mtu akiingia anauliza, "Mama Sindano yupo?" nami najibu, "Nipo." Miaka kumi na moja sasa. Siku moja daktari aliniita kwa jina langu la vyeti, nikageuka kutazama nani anaitwa.

Siku ya kujaza fomu, nahodha ndiye aliyeandika. Tulipofika kwenye kisanduku cha jinsia, kile chenye ME na KE cha kuzungushia duara, aliinua kalamu akanitazama. Wote sita wakanitazama. Tulikuwa tumeshasoma mwongozo. Nikamwambia, "Acha wazi, wakituuliza tutasema ukweli." Hamkutuuliza. Badala yake ukaniandikia "Mama", na kwamba kila kitu kimekamilika. Nilipaswa kusema siku hiyo hiyo. Nikajitia hamnazo, nikakuandikia habari za vikombe.

Hawa watoto wamekuja hapa kila Jumamosi mwaka mzima. Nahodha anamaliza shule mwaka huu, kwake hakuna mara nyingine. Siwezi kumwambia kwamba wameondolewa kwa sababu ya ndevu zangu.

Nina dada mkubwa. Alikuwa opereta wa simu zile za swichibodi, sasa amestaafu na amechoka kutazama ukuta. Tarehe 3 Machi ataketi kwenye kiti changu na ataitwa Mama Sindano, jambo ambalo si uongo mkubwa, kwa maana yeye ndiye aliyefanana na mama. Mimi nitasimama pembeni kama mteja.

Nakuomba kitu kimoja: nyamaza tu. Hujui lolote.

(Mhuri) MAMA SINDANO


Nyumbani kwa mama mdogo
19 Februari

Mama Sindano,

Shikamoo. Bahasha hii si ya ofisi na barua hii haina nakala kwenye faili. Naomba ukishaisoma uiweke mahali pasipofikiwa.

Kuna kitu nimekuficha tangu barua ya kwanza. Fomu yako haikuwa imekamilika. Kisanduku cha jinsia kilikuwa wazi. Ilikuwa siku ya mwisho ya usajili, mezani nilikuwa na fomu kumi na tisa, na Mkuu alisema hataki kuona fomu yenye tundu ikifika saa kumi. Kurudisha fomu kwa posta kungewatoa nje ya mashindano. Nikatazama mhuri wako. MAMA. Nikasema moyoni, kuna nini hapa cha kuuliza, nikachukua kalamu yangu nyeusi nikazungushia KE.

Ni duara dogo tu. Lakini nyinyi mmejaza fomu yote kwa wino wa bluu, na sasa kila nikifumba macho naliona lile duara jeusi limekaa pale kama inzi kwenye maziwa. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni kwamba karani haandiki neno kwenye fomu ya mtu.

Najua nimepatia. Wewe ni mwanamke, fomu inasema mwanamke, hakuna aliyeumia. Lakini Mkaguzi akiuliza ni mkono wa nani, sitajua niseme nini. Naomba uniandikie mstari mmoja tu kwa mkono wako: "Mimi ni mwanamke." Nitaubana kwenye fomu, nami nitaacha kuinua kichwa kila mlango unapofunguliwa.

Nisamehe kwa kukusumbua na jambo la kipuuzi.

Karani


Chumba Namba 6
24 Februari

Mzee,

Barua zetu zimepishana njiani. Yako nimeisomea chooni, nimesimama, mlango nimeubana kwa mguu.

Usimlete dada yako. Nakuomba kwa kila unachokiheshimu. Sasa hivi kuna kosa moja, nalo ni langu. Ukimweka dada yako kwenye kiti litakuwa kosa la timu nzima, na wasichana watakuwa wamesimama pale wanadanganya pamoja nawe. Mkaguzi ataliona. Yeye hutazama watu wanakotazama, si wanachosema.

Sijui ufanye nini badala yake. Ningekuwa na jibu ningeliandika. Nimekasirika, kisha nakumbuka kwamba wewe hukuandika KE popote, ni mimi.

Narudia: usimlete.

Karani

Nyongeza, 27 Februari. Barua hii imekaa mfukoni mwangu siku tatu. Sikuweza kuipitisha kwenye posta ya ofisi, na kila nilipofika kwenye sanduku la barabarani nilimwona mtu ninayemfahamu. Leo naitumbukiza. Mungu aijalie miguu.


Karakana ya cherehani
4 Machi

Kwa Karani wa Usajili,

Shikamoo. Mimi ni nahodha wa timu ya Kiherehere. Barua yako ya tarehe 24 imefika leo mchana. Mkaguzi alikuja jana.

Fundi, ndivyo sisi tunavyomwita Mama Sindano, ameisoma akaketi chini kwenye vitambaa. Naandika mimi kwa sababu nadhani unapaswa kujua, na kwa sababu nina swali.

Mambo yalianza vizuri, na hilo ndilo baya. Shangazi, yule dada yake Fundi, alikaa kwenye kiti amevaa miwani yake. Mkaguzi akamuuliza, "Mama, mota hii ikipata joto unawaambia watoto wafanye nini?" Shangazi akasema, "Kwanza wazime. Halafu waishike kwa mgongo wa mkono, si kiganja, kwa sababu kiganja kinaungua kabla hakijakwambia. Halafu wafuate waya mmoja mmoja mpaka wampate anayelalamika." Fundi mwenyewe alifungua mdomo. Kumbe kwenye swichibodi yake walikuwa wakitengeneza mitambo wenyewe.

Mkaguzi alikuwa ameshatoa kalamu. Kiherehere ilikuwa mezani na ilikwama kwenye kikombe cha tano, na sote sita, bila kupanga, tukageuka kumtazama Fundi, aliyesimama mlangoni amefungwa mikono na utepe. Tulisahau kutomfunga. Mkaguzi akatutazama sisi, akamtazama yeye. Akauliza, "Na huyu?"

"Mteja," akasema Shangazi.

"Amefungwa kwa nini?"

"Huyo ana wazimu kidogo, mwanangu, usimjali."

Pengine angekubali. Lakini wakati huo huo akaingia mama mmoja na cherehani yake kichwani, akasema kama kawaida, "Hodi, Mama Sindano yupo?"

Na Fundi akasema, "Nipo."



Mkaguzi hakupaza sauti. Alitoa fomu, akaonyesha kile kisanduku, akasema wino wa duara si wa kalamu iliyojaza mahali pengine. Akauliza nani alizungushia KE. Fundi akasema, "Mimi. Kwa mkono wangu." Mkaguzi akaandika: mlezi amekiri kudanganya. Akasema kwa hali hiyo timu imetoka, ila atapeleka taarifa kwa Mkuu wa Ofisi aithibitishe. Kabla ya kuondoka alisema, "Laiti lingekuwa kosa la ofisi, ningewapa muda mtafute mlezi mwanamke." Nadhani alisikitika.

Lakini mimi ndiye niliyejaza ile fomu. Kisanduku nilikiacha wazi, kalamu niliifunika mwenyewe, bahasha nikailamba mwenyewe. Fundi hakuzungushia kitu. Nimemuuliza nani basi, anasema hajui, na akidanganya hushika sikio, na leo sikio limekuwa jekundu.

Swali langu ni hilo. Nani?

Naomba niseme na lingine, ambalo Fundi halijui. Sisi tulikuwa saba. Wa saba baba yake alimkataza kuja, alisema hawezi kumwacha binti yake Jumamosi nzima kwenye karakana ya mwanamume, hata kama mwanamume huyo anaitwa Mama. Hatukumwambia Fundi kwa kuogopa kumuumiza. Fundi ni mwema kuliko watu wote ninaowajua, na bado kuna mambo tulikuwa tukinong'onezana nje ya dirisha kwa kuwa ndani hakukuwa na wa kuambiwa. Kwa hiyo sharti lenu silichukii. Ninachokichukia ni kutolewa kwa uongo ambao hakuusema.

Mashindano ni tarehe 12 Aprili. Mimi namaliza shule Novemba.

Nahodha


Karakana ya cherehani
5 Machi

Mwanangu Karani,

Nimejua kwamba mtoto amekuandikia. Sahau alichokuuliza.

Barua yako ile isiyo ya ofisi ilinifikia kabla ya Mkaguzi. Nimeificha ndani ya tumbo la cherehani kongwe ambayo hakuna mtu atakayeifungua. Nilisema ni mimi kwa sababu kwangu ni aibu ya wiki mbili, wateja watacheka, kisha wataleta suruali zao. Kwako ni kazi. Una mama mdogo wa kumtazama usoni. Ulipoandika kwamba fomu imekamilika, ndipo nilipopaswa kusema ukweli wangu. Nilikaa kimya, nimelipata lililo langu.

Nyamaza. Safari hii nakuomba kwa nia njema.

Wasichana hawajaja leo. Kiherehere iko mezani, nimeifunika kitambaa.

(Mhuri) MAMA SINDANO


Chumba Namba 6
10 Machi

Kwa Mkuu wa Ofisi

YAH: DUARA KATIKA FOMU NAMBA 41

Husika na kichwa cha barua hapo juu.

Katika taarifa ya Mkaguzi ya tarehe 3 Machi imeandikwa kwamba mlezi wa timu tajwa alikiri kuzungushia KE katika kisanduku cha jinsia. Maelezo hayo si sahihi. Fomu iliingia ofisini ikiwa na kisanduku kilicho wazi. Aliyezungushia KE ni mimi, siku ya mwisho ya usajili, bila kumuuliza mtu, kwa kuamini mhuri. Kalamu iliyotumika naiambatanisha na barua hii.

Ni kweli mlezi alimweka mtu mwingine kwenye kiti chake siku ya ukaguzi, na hilo siwezi kulitetea. Lakini alifanya hivyo baada ya mimi kumwandikia kwamba yeye ni mwanamke na fomu yake imekamilika. Uongo wa kwanza katika faili hili ni wa ofisi.

Naomba kosa hili lihesabiwe kuwa la ofisi, kwa maana ya kifungu cha tisa cha mwongozo, na timu ipewe muda wa kurekebisha.

Barua hii nimeichapa mara sita. Nimeileta kwa mkono kwa sababu nikiiweka kwenye trei nitairudia kuichukua. Niko nje ya mlango wako.

Karani wa Usajili


Chumba Namba 6
13 Machi

Mzee Sindano,

Shikamoo.

Sikunyamaza. Samahani.

Mkuu alisoma barua yangu ya kukiri, niliyompelekea kwa mkono, nikiwa nimesimama mbele yake. Aliijaribu ile kalamu kwenye karatasi, akachora duara, akalilinganisha. Akaniuliza, "Hukuona kwamba unaweza kukaa kimya na jambo hili likaisha?" Nikasema niliona. Akauliza, "Sasa?" Nikamwambia nahodha aliilamba bahasha mwenyewe. Akamwita Mkaguzi.

Nimepewa barua ya onyo, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Kila fomu ninayoigonga mhuri lazima mtu mwingine aitazame kwanza. Bado nina kiti. Sijui kama nitakuwa nacho Julai.

Timu yako imerudishwa. Naambatanisha fomu mpya. Mjaze upya ninyi wenyewe, na lazima kuwe na mlezi wa pili, mwanamke, wa kweli, ambaye atakuwepo kila Jumamosi na si siku ya Mkaguzi tu. Fomu iwe mezani kwa Mkuu Jumatatu tarehe 24 Machi, kabla ya saa sita mchana. Ikichelewa hata kwa dakika, au ikiwa na tundu hata moja, sitaweza kufanya lolote, na safari hii nasema hivyo nikimaanisha mikono yangu yote miwili.

Zungumza pia na nahodha. Kuna jambo la msichana wa saba. Yeye ndiye anayepaswa kukueleza, si mimi.

Karani wa Usajili


Karakana ya cherehani
17 Machi

Mwanangu Karani,

Barua yako niliisoma kwa sauti mbele ya wasichana, ila sehemu ya Julai sikuimaliza. Nahodha akaimalizia.

Amenieleza habari za wa saba. Nilitoka nje nikajifanya natafuta oili. Mwaka mzima nilihesabu sita, sikuwahi kujiuliza kwa nini viti vilikuwa saba.

Fomu hii hapa. Kwangu nimezungushia ME mwenyewe, na kwa kuwa nilitaka isiwe na shaka nimekandamiza hadi karatasi ikatoboka. Mniwie radhi. Mlezi wa pili ni dada yangu. Sikumwomba. Siku mbili baada ya Mkaguzi kuondoka alikuja na kiti chake mwenyewe na kikombe chake cha chai, akaniambia, "Sogea, waya hizo umezifunga kama kamba za mbuzi." Wasichana walipoanza kurudi walimkuta ameketi. Sasa kule dirishani hakunong'onwi tena. Wananong'ona na yeye ndani, nami ndiye ninayetolewa nje. Jumamosi iliyopita alikwenda nyumbani kwa wa saba, akakaa na baba yake saa nzima. Sijui walizungumza nini, ila mtoto atarudi Jumamosi hii.

Kiherehere inaokota vikombe vitano. Cha sita inakisogelea, inakitazama, inarudi nyuma. Nahodha anasema imefanana na wewe. Usikasirike, ni kwa mapenzi.

Halafu kuna ugomvi hapa nataka uumalize. Tumeandikiana tangu Februari, nawe unajua mpaka kipara changu. Sisi hatujui kama wewe ni kijana wa kiume au binti. Watatu wanasema ME, kwa sababu ulikasirika vizuri. Watatu wanasema KE, kwa sababu ulileta barua kwa mkono. Shangazi anasema ninyi wote wajinga. Wewe ni nini?

Mlezi wa kwanza,
(Mhuri) MAMA SINDANO


Chumba Namba 6
20 Machi

Mzee Sindano,

Shikamoo.

Fomu imefika leo asubuhi, kwa siku tatu tu, posta imetuhurumia. ME yako nimeiona, na tundu lake, na meza inayoonekana ndani ya tundu. Ukurasa huo Mkuu ameupitisha.

Lakini ukurasa wa pili, kwa mlezi wa pili, Shangazi amejaza kila mstari kwa mwandiko ambao sijauona katika ofisi hii: umri, kazi ya zamani, anwani, sahihi. Kisha amefika kwenye kisanduku cha jinsia, hakuzungushia ME wala KE. Ameandika pembeni, "Inajulikana."

Nimeisoma nikacheka mpaka mwenzangu wa meza ya pili akaniangalia. Kisha nikatazama kalenda. Leo ni Alhamisi. Nikiirudisha kwa posta itawafikia Jumanne, na mwisho ni Jumatatu saa sita. Kalamu nyingine ilikuwa mezani, karibu kabisa na kidole changu. Duara moja dogo. Na safari hii ningepatia kweli.

Sijaligusa. Nilikalia mikono yangu, Mkuu akapita, akaniona nimekaa vile, akaniuliza kama nina baridi.

Nimeomba ruhusa ya Jumamosi na nimepewa. Barua hii nampa kondakta wa basi la jioni ili iwafikie kabla yangu, lakini fomu ya ofisi haipewi kondakta. Nitapanda basi la kwanza la asubuhi, fomu ikiwa kwenye bahasha, bahasha ndani ya begi, begi kifuani. Mwambie Shangazi asitoke, na kalamu iwe ya wino wa bluu. Mimi nitasimama mbali na meza. Na mwambie nahodha aweke tayari ule utepe wa kupimia, wa ziada kama upo, kwa maana mpaka Shangazi atakapomaliza kuzungusha nitaomba nifungwe na mimi.

Kuhusu ugomvi wenu: kisanduku changu nimekiacha wazi. Wasikijaze mpaka nifike.

Karani